Korodani ilivimba, mkojo ukagoma, na mimi nikampa mchumba wangu karatasi ya zahanati

Wakuu, habari za humu.

Nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili tangu nikiwa chuo. Leo naandika uzi kwa mara ya kwanza, na mada niliyoichagua ni korodani yangu ya kushoto. Nimeandika na kufuta mara nne.

Yote ni kweli isipokuwa majina ya watu. Kuna uongo mmoja humu ndani, lakini niliutoa wakati ule, siutoi sasa. Tukifika nitawaonyesha.

Kwanza mnijue kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alifanya haya.

Nimezaliwa Mahajanga, Madagascar, mtaa wa Tanambao. Ukoo wetu asili yake ni Ngazija, visiwa vya Komoro. Nyumbani tunaongea Kimalagasi, shuleni Kifaransa, na bibi alipokuwa hai alikuwa akikasirika anahamia Kingazija. Kiswahili nilikipata Dar, nilikosoma takwimu kwa miaka minne. Kwa hiyo mazungumzo yote hapa chini nimewatafsiria. Hakuna aliyenitukana kwa Kiswahili.

Nina mchumba, Anziza, anakaa Mangarivotra, mtaa mwingine wa Mahajanga. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Uchumba wetu ni wa adabu zake: tunakaa sebuleni kwao, mlango uko wazi, na mama yake yuko ukumbini anachambua mchele. Kumbukeni huo mlango wazi.

Nilipomaliza chuo nilikaa bila kazi muda mrefu. Halafu nikafanya miezi minne ya mafunzo ya vitendo katika ofisi moja huko Marovoay, si mbali na Mahajanga. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kila mtu, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye wasifu wangu. Niliporudi kutoka huko nilimpelekea mama yake Anziza gunia la mchele, nikasema nimenunua kwa posho.

Baadaye nikapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli ndogo katika kisiwa cha Nosy Be, upande wa Ambondrona. Kazi yenyewe ni kukabidhi funguo, kuwaambia wageni maji yanakupwa saa ngapi, na kuomba radhi kwa umeme.

Huko ndiko yalikoanzia.

Mwanzoni ilikuwa mkojo tu. Nasimama, nasubiri, hakuna kitu. Halafu unakuja, mwembamba, unakatika, unarudi. Mwishoni kunachoma. Nikitoka chooni, baada ya dakika kumi nahisi nimebakiza.

Choo cha wafanyakazi ni kimoja na kipo nyuma ya jiko. Mpishi wetu anaitwa Zafy, Msakalava wa palepale kisiwani, mtu ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bila kulisemea. Siku moja aligonga mlango kwa mwiko.

"Msomi, unakojoa au unaandika barua?"

Nikasema natoka sasa hivi.

"Chukua muda wako. Ukifika kwenye 'wako mtiifu' uniambie."

Nilicheka ili aone kwamba ni jambo la kawaida. Kisha nikaenda mapokezi, nikafungua daftari, nikaandika tarehe na saa. Kuanzia hapo niliandika kila safari ya chooni: saa ngapi, nimesubiri muda gani, umetoka kwa mkupuo au kwa matone. Wakuu, nina kurasa kumi na moja.

Baada ya wiki kama mbili nikiwa naoga nikagundua korodani ya kushoto imekuwa nzito. Haikuwa na maumivu makali, ilikuwa nzito tu, na kwa nyuma yake kulikuwa na kitu kigumu kama kamba iliyofungwa fundo. Siku zikienda ikawa kubwa, mpaka nikaacha suruali za kubana nikawa navaa za kitambaa chepesi. Meneja akanisifu kwamba sasa nimeanza kuvaa kiutalii.

Sasa mtu wa kawaida angeenda hospitali. Mimi nilitengeneza jedwali.

Nilisoma kila nilichokipata mtandaoni, nikaorodhesha visababishi vyote, nikavipa alama. Busha lilikuwa juu, kwa sababu pwani yetu mbu wapo na mabusha yapo, lakini busha kwa kawaida haliumi na halizuii mkojo. Ngiri niliipa alama kidogo, nikawa nakohoa mbele ya kioo nione kama kitu kinashuka. Hakikushuka. Matubwitubwi niliyaugua nikiwa mtoto, mama anakumbuka, kwa hiyo nikayafuta. Mawe kwenye kibofu nikayaacha pale katikati. Maambukizi ya mrija unaokaa nyuma ya korodani yalionekana kufanana sana na hali yangu, lakini kila ukurasa ulisema kwa kijana chanzo chake mara nyingi ni kisonono au klamidia, na mimi sijawahi kumgusa mtu.

Saratani niliipa alama nyingi kuliko zote. Sikuwa na ushahidi wowote. Ilikuwa ni tabia tu.

Naomba niseme jambo hapa pembeni kabla sijasahau. Lipo moja ambalo halina nafasi ya jedwali: korodani kujisokota. Maumivu yanakuja ghafla, makali, na mara nyingine unatapika. Hiyo mkuu ni hospitali saa hiyohiyo, maana saa chache tu zinatosha kuiua. Kwangu maumivu yalikuja polepole ndiyo maana niliiondoa, lakini hata kuiondoa haikuwa kazi yangu.

Na sasa jambo la aibu kidogo. Hotelini tulikuwa tunatengeneza juisi ya rozela, ile nyekundu. Nilikuwa nakunywa kila siku. Mara kadhaa niliona matone ya mwisho ya mkojo yana wekundu. Mimi, ambaye nikipiga chafya naandika wosia, nikasema ni rozela.

Nililiwaza kila jambo duniani isipokuwa hilo moja, na hilo ndilo lililokuwa jibu.

Zafy ndiye aliyenipeleka zahanati. Aliniona ninavyoshuka ngazi.

"Unatembea kama umebeba yai," alisema.

"Mgongo."

"Mgongo wako uko chini sana, msomi. Vaa viatu twende."

Zahanati ilikuwa na daktari kijana mwenye foleni mpaka nje. Alinikagua, akanawa mikono, akauliza nafanya kazi wapi. Nikasema hotelini. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Una wapenzi wangapi?"

"Sina."

"Sina maana yake wangapi?"

"Sina maana yake sina, daktari. Nina mchumba Mahajanga."

"Basi una mmoja."

Nikafikiri. Kwa namna fulani alikuwa sahihi.

Simlaumu. Pale hakuna maabara, na kijana wa hotelini Nosy Be akija na korodani iliyovimba na mkojo unaochoma, wanatibu lile linaloonekana mara nyingi. Nikapigwa sindano, nikapewa vidonge. Nilimpa barua ya kurasa nne yenye historia yangu ya kiafya tangu kuzaliwa. Aliipokea kwa heshima, akaiweka chini ya kikombe chake.

Halafu akanipa karatasi ndogo. Wakuu mnaofanya kazi za afya mnaijua. Ni karatasi ya mwenzi. Inasema, kwa Kifaransa cha wazi kabisa, kwamba aliyeileta ni mwenzi wa mgonjwa wa maambukizi ya zinaa na apewe dawa zilezile.

"Mpe mwenzi wako," akasema. "Usifiche. Wengi wanaficha."

Nilirudi na ile karatasi, nikaanza kuiwaza.

Sikuwa na mwenzi. Lakini daktari ameniambia nisifiche. Je, kama ugonjwa huu unaweza kupatikana kwa njia ambayo sayansi bado haijaandika? Mimi na Anziza Idi iliyopita tulikunywa maji kwenye glasi moja. Uwezekano ni mdogo, lakini si sifuri. Nimesoma takwimu. Kitu kisicho sifuri mtu mwaminifu hawezi kukinyamazia.

Nililiwaza wiki nzima, na kila nilipolizungusha lilirudi mahali palepale: nikimpenda, nitampa.

Dawa zikaisha. Uvimbe ukabaki. Mkojo ukazidi, ikawa nasimama robo saa kwa matone. Nikaomba ruhusa kazini, nikavuka kwa boti mpaka bara, nikapanda taksi-brusi, yale magari ya masafa, kwenda Mahajanga.

Ni safari ndefu. Nilimwomba dereva asimame mara sita. Kwetu gari likisimama wanaume wote wanashuka wanajipanga kando ya barabara, ni desturi, na wote wanamaliza, na wote wanarudi kukaa. Mara zote sita nilibaki nimesimama peke yangu nikitazama majani, gari zima linanisubiri. Mara ya sita mzee mmoja alitoa kichwa dirishani.

"Kijana, kama hakuna kitu, rudi. Tutasimama tena mbele."

Nilifika Mahajanga asubuhi. Nikaenda kwa mjomba wangu Soilihi, kaka wa mama, fundi cherehani pale Tanambao. Nikaoga. Alasiri nikaenda Mangarivotra.

Anziza aliipokea ile karatasi akaisoma mara mbili, kama anavyosoma madaftari ya wanafunzi anayoyashuku.

"Hii ni ya magonjwa ya zinaa."

"Ndiyo."

"Inasema mwenzi."

"Ndiyo."

"Mimi na wewe tumewahi kufanya nini?"

Nikasema, "Tulikunywa glasi moja. Idi."

Ule mlango ulikuwa wazi. Ukumbini ungo ukaacha kupepeta.

Anziza akaikunja karatasi vizuri, akaiweka mezani baina yetu. Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo ugonjwa upo, na mwenzi yupo. Mwenzi si mimi. Sasa niambie ni nani."

Nina shahada ya takwimu, na nikajikuta nahesabu miguu ya meza.

Mama yake akaingia akipangusa mikono kwa leso. "Mwanangu, nenda nyumbani upumzike. Mwambie mjomba wako aje Ijumaa baada ya sala."

Kwenu sijui ikoje. Kwetu, katika familia za asili ya Ngazija, mjomba ndiye anayekusimamia kwenye ndoa. Yeye ndiye anayekwenda kuposa, na yeye ndiye anayeitwa kurudishiwa maneno. Wakisema mjomba aje, wewe umeshatoka kwenye mazungumzo. Ilikuwa Jumanne.

Jioni mjomba Soilihi alinisikiliza huku anashona pindo. Alipofika mwisho wa uzi akaukata kwa meno.

"Nosy Be," alisema. "Mimi pia nimewahi kuwa kijana."

"Mjomba, sijafanya kitu."

"Sawa."

"Wallahi sijafanya."

"Nimesema sawa. Lakini karatasi hii nani alikwambia umpe? Mtu anayefanya anaficha. Mtu asiyefanya hana cha kumpa. Wewe uko kundi gani?"

Nikamweleza ile hoja ya sifuri. Akawasha cherehani ili asinisikie.

Asubuhi yake alinipeleka maabara. Ni maabara ndogo ya ghorofani, mtaalamu wake ni mama mmoja wa makamo, Madamu Vola, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nilikuwa nimejiandaa. Niliamka alfajiri, nikakinga mkojo wa kwanza kabisa, ule wa mwanzo, kwa sababu nilisoma mahali kwamba wa asubuhi ndio bora. Chombo niliona kiwe kisafi, basi nikatumia kichupa cha kioo chenye kifuniko nilichotoka nacho Nosy Be. Nilikiosha mara tatu.

Madamu Vola alikifungua, akanusa, akanitazama juu ya miwani.

"Huu ni mkojo au zawadi?"

Kilikuwa kichupa cha mafuta ya langilangi. Kule Nosy Be kila nyumba ina vichupa hivyo, yale maua ndiyo kazi ya watu, na mafuta yake hayatoki kwenye kioo hata ukichemsha. Mimi pua yangu ilishayazoea, sikusikia chochote.

"Kipimo hiki hata nikikifanya ni bure," alisema. Akachukua kalamu. "Nijibu maswali. Kunachoma mwishoni mwa mkojo?"

"Ndiyo."

"Umewahi kuona damu?"

"Rozela," nikasema.

Hakuandika rozela. Aliandika kitu kifupi zaidi.

"Umewahi kuingia kwenye maji baridi? Mto, ziwa, majaruba ya mpunga?"

Mjomba alikuwa amekaa kiti cha pembeni, kofia magotini, anasikiliza.

Nikasema, "Hapana."

Wakuu, huo ndio uongo niliowaahidi.

Hakukuwa na ofisi Marovoay. Miezi ile minne nilikuwa ndani ya majaruba ya mpunga, maji magotini, napandikiza miche na baadaye navuna. Lile gunia la mchele sikulinunua. Nililivuna.

Niwaeleze kidogo. Miaka ya sabini, zilipotokea vurugu za kuwashambulia watu wa asili ya Ngazija pale Mahajanga, wengi waliondoka na kibunda kimoja. Bibi yangu hakupata chombo cha kuvukia. Alifichwa na mwanamke wa Kimalagasi, mkulima wa mpunga huko Marovoay, Bi Soa, akakaa kwake mpaka mambo yakatulia. Tangu siku ile sisi ni ndugu. Bi Soa sasa ni mzee sana, na mwaka ule wanawe walikuwa na upungufu wa mikono shambani. Mama akanipigia nikiwa sina kazi, akasema nenda. Nikaenda.

Na nilifurahia, nikisema ukweli. Lakini mimi ni mtoto wa mji wa bandari, kwetu watu wana maduka, wana cherehani, wana kanzu zilizopigwa pasi. Nimesomeshwa Dar kwa michango ya ukoo mzima. Nikaona nikisema nilikuwa kwenye tope, nitakuwa nimewarudishia michango yao ikiwa na matope. Nikamwomba mama anyamaze, nikatunga ofisi. Niliipa hata ghorofa.

Kwa hiyo tazameni nilipokuwa nimekaa. Jibu la maradhi yangu lilikuwa kwenye swali lile la tatu, na mimi nimesema hapana kwa sababu ya kiti cha pembeni.

Tukatoka. Tukafika chini mlangoni. Mjomba akaita puspusi, yule mvutaji akasogeza mkokoteni wake. Mjomba akapanda. Mimi mguu ukagoma.

Nilijiambia nitarudi kesho peke yangu. Halafu nikapiga hesabu. Kesho Alhamisi, keshokutwa Ijumaa. Na mkojo wa asubuhi ile ulikuwa umetoka vijiko viwili.

"Mjomba, tangulia. Nimesahau kitu."

"Nini?"

"Kichupa."

Nikapanda ngazi. Madamu Vola alikuwa anakula andazi. Nikasema bila kukaa, "Majaruba. Miezi minne. Marovoay. Kila siku. Bila viatu."

Akamaliza kutafuna. "Nilijua. Mtu asiyewahi kuingia huwa anauliza kwa nini ninauliza. Wewe ulimtazama yule baba." Akanipa kikopo cha plastiki. "Rudi adhuhuri. Mayai ya kichocho hayatoki alfajiri, yanatoka kwa wingi mchana, kati ya saa nne na saa nane. Kabla ya kukojoa ufanye mazoezi, yatikisike. Ruka ruka. Na usinipe mkojo wa mwanzo, nataka matone ya mwisho."

"Madamu, siwezi kuruka."

Akaitazama suruali yangu ya kitambaa chepesi. "Basi panda ngazi. Polepole."

Na ndivyo nilivyofanya. Saa sita mchana, jua la Mahajanga, nilipanda na kushuka ngazi za lile jengo mara kumi na tano, mkono mmoja kwenye ukuta na mwingine umeshikilia kilichotakiwa kushikiliwa. Mara ya nane muuza viatu wa chini aliniuliza nimepoteza nini. Nikasema natafuta mayai. Hakuuliza tena.

Matone ya mwisho yalikuwa mekundu. Asubuhi ile sikuwa nimekunywa rozela.

Baada ya nusu saa aliniita niangalie mwenyewe kwenye hadubini. Yai la kichocho ni refu kidogo, na mwishoni lina mwiba. Nilihesabu manne kabla hajanisukuma pembeni. Sijawahi kufurahia kuona vimelea kiasi kile. Alipima na vile vipimo vya zinaa. Hakukuwa na kitu.

Alhamisi nilimwona daktari, akanipiga ultrasaundi. Akanieleza kwa utulivu. Minyoo ya kichocho hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, mayai yake yanang'ang'ania kwenye ukuta wa kibofu mpaka unakuwa mnene, ndiyo maana mkojo unagoma. Mara nyingine mayai hufika mpaka kwenye korodani na ule mrija wake, panavimba, na watu wanadhani ni kansa au ni zinaa. Wapo walioondolewa korodani nzima kabla mtu hajauliza habari za maji.

Nikamuuliza kuhusu kuzaa. Akasema anatumaini hakuna neno, ya kulia iko salama, lakini hataniahidi. Tumeze dawa kwanza, tupime baadaye. Nikameza prazikwanteli, vidonge vikubwa vichungu vinavyohesabiwa kwa uzito wako. Kichwa kilizunguka jioni nzima.

Ijumaa ikafika.

Nilimwambia mjomba habari yote tukiwa njiani, kwenye puspusi, kwa sababu pale hawezi kuwasha cherehani. Tulipoingia Mangarivotra akanigeukia.

"Ofisi ilikuwa na ghorofa ngapi ulisema?"

"Mbili."

"Mimi nimewaambia watu msikitini tatu."

Kwa Anziza tulikaa sebuleni. Mjomba alianza kufungua maneno kwa utaratibu wake, nikamkatiza, jambo ambalo kwetu halifanywi. Niliweka karatasi ya maabara juu ya ile karatasi ya zahanati. Nikasema ni kichocho. Nikasema nimekipata kwenye mpunga. Nikasema hakukuwa na ofisi, kulikuwa na majaruba, na kwamba daktari hajaniahidi kuhusu watoto, kwa hiyo wakitaka kurudisha maneno wana haki.

Anziza alisoma karatasi. "Nilijua kuhusu ofisi," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu uliporudi. Kucha zako za miguu zilikuwa za kahawia kwa miezi miwili. Nilikuwa nangoja useme." Akaisogeza ile karatasi ya zahanati kwa kidole. "Hili la mpunga ungelisema mwanzo, nisingekaa siku tatu nikimtafuta kichwani mwanamke asiyekuwepo."

Nikaangalia miguu yangu.

Mama yake alikuwa amekaa, ungo magotini. "Majaruba ya nani?" akauliza.

"Ya kina Bi Soa, Mama. Marovoay."

"Bi Soa bado yuko hai?"

Kumbe alimjua. Mwaka ule bibi yangu hakufichwa peke yake. Mama yake Anziza alikuwa msichana mdogo, alilala chini ya kitanda kilekile.

Akachota mchele kwenye ungo, akauangalia. "Kwa hiyo ule uliouleta kwa gunia, uliulima wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa nashangaa. Wa dukani hauwi mzuri vile." Akaendelea kuchambua. "Utaleta mwingine. Lakini uvae mabuti."

Mjomba akavaa kofia yake. Maneno yalikuwa yamekwisha, na yeye alikuwa hajamaliza hata moja.

Wakuu, hapo ndipo tulipo. Mkojo umerudi, sasa nasubiri kidogo tu kama watu wengine. Korodani imepungua, bado haijalingana na mwenzake, daktari anasema itachukua muda. Wana wa Bi Soa wamepimwa wote, na watatu walikuwa nacho pia. Kazini nimerudi. Zafy amenipa kiti jikoni ili nikae baada ya kutoka chooni nipumzike na uandishi.

Nilichojifunza si kingi. Kama korodani imevimba na mkojo unagoma, usitengeneze jedwali. Visababishi ni vingi na vinafanana kwa macho, na mwenye hadubini ndiye anayejua. Ukiulizwa maswali, jibu na lile linalokutia aibu, hasa hilo. Kama ndugu yako amekaa pembeni, mwombe atoke. Kama umewahi kuingia kwenye mto, ziwa au mpunga, sema hata usipoulizwa. Na wekundu kwenye mkojo usiusingizie juisi.

Harusi ni baada ya Ramadhani. Kipimo cha mbegu ni mwezi ujao, na Anziza amesema atanisindikiza, atakaa kiti cha nje.

Kama kuna mkuu humu aliyepitia kichocho cha korodani akapona, na akapata mtoto, naomba aniandikie hapa chini. Hata mmoja. Najua mmoja si takwimu. Nitamsoma hivyohivyo.